Sufu Iliyokataa Kuwa Sweta

Nyumbani kwangu nyuzi za kufumia zimekaa kila mahali isipokuwa pale mtu angezitafuta. Zimo kwenye sanduku la bati nililokwenda nalo shule ya bweni. Zimo chini ya godoro la wageni, ndiyo maana wageni wangu hulala wakiwa wameinuka kidogo upande wa miguu. Zimo kwenye sufuria kubwa ya sherehe ambayo haijaona wali tangu kitinda mimba wetu abatizwe. Na nyingi zaidi zimo kwenye magunia ya mbolea, kule stoo, kwa sababu mkulima wa chai anaweza kukosa sukari lakini magunia ya mbolea hakosi.

Hayo magunia yaliwahi kunitia aibu. Ulikuwa msimu wa kutia mbolea kwenye chai, na jirani akaja kuazima gunia moja, arudishe lake likifika. Mume wangu ni mkarimu sana hasa wakati mimi sipo. Alimpa lile lililokuwa karibu na mlango, wakalibeba wawili huku wakiguna kwa mazoea, na hakuna aliyejiuliza mbona mbolea imekuwa nyepesi hivyo. Jirani akalisukuma kwa wilbaro mpaka shambani, akalifungua mbele ya vibarua, akakuta uzi wa pinki. Mpaka leo wale vibarua wakipita nje ya ua wetu huuliza kama mbolea ya pinki imefika. Huwa nawajibu kwamba imekwisha, waulizie kwingine.

Watu wasiofuma hudhani kwamba mtu huamua kwanza kufuma sweta, halafu ndipo anatafuta uzi wa sweta. Mambo hayaendi hivyo hata kidogo. Huku kwetu, kati ya Roret na Kapkatet, mvua hushuka baada ya chakula cha mchana, chai haichumiki, na ukishaosha vyombo huna pa kwenda. Hapo ndipo ninapomwaga nyuzi kitandani na kuanza kuzihoji. Wewe uzi wa kijani, nilikununua kwa nini? Jibu ni kwamba ulikuwa bei rahisi, na ulikuwa bei rahisi kwa sababu una rangi ya ukoka uliotafunwa na ng'ombe akaghairi. Huo wa kijani umeshakuwa vitambaa vya makochi, umeshakuwa kifuniko cha redio, na bado haujaisha. Wewe wa kumetameta, uliletwa na dada yangu kutoka harusini, na unawasha shingo. Na wewe wa maruni, kaa kimya kabisa.

Ule wa maruni ni hadithi ya shule moja ya jirani. Nilikuwa ninawafumia wanafunzi sweta, nikajaza magunia ya maruni, halafu akaja mwalimu mkuu mpya ambaye aliona rangi ya maruni inawafanya watoto wawe wazembe. Sare ikageuka buluu. Kwa miaka mingi baada ya hapo familia yangu ilivaa maruni. Mume wangu alivaa maruni kanisani, watoto walivaa maruni, birika lilivaa maruni, na ndama aliyezaliwa wakati wa baridi kali alivaa maruni yenye matundu manne ya miguu. Mume wangu alisema tukipigwa picha pamoja tunafanana na timu ya mpira iliyoshindwa.

Lakini palikuwa na sufu moja ambayo haikumwagwa kitandani na nyingine. Hiyo ilikaa peke yake ndani ya foronya safi, juu kabisa ya kabati. Ilikuwa ya marehemu mama mkwe wangu.

Mama mkwe alifuga kondoo wakati majirani wote walikuwa wamehamia kwenye ng'ombe wa maziwa. Kondoo wake walitoka soko la Siongiroi, na aliwachagua kwa kuingiza vidole kwenye sufu ya migongo yao na kufumba macho, mpaka wauzaji walikuwa wanamwogopa. Aliwakata sufu mwenyewe, akaiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, akaianika juu ya ua wa michongoma. Kisha aliichana na kuisokota kwa gurudumu la mbao alilochongewa na fundi wa vitanda. Baadhi aliichemsha na majani ya chai mpaka ikawa na rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nilipoolewa nilikuwa ninajua kufuma tu. Kusokota alinifundisha yeye, na katika kufundisha hakusifu hata mara moja. Uzi wangu ulipotoka na manundu aliushika, akautazama, akaniambia nimetengeneza minyoo. Nilimpenda kwa namna ambayo sikuwa nimejiandaa nayo. Mama yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, na huyu mwanamke mwenye maneno makavu alinipokea bila kutangaza kwamba amenipokea.

Kabla ya kufa alisema gurudumu na sufu iliyobaki ni vyangu. Alisema hivyo mbele ya wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Wifi alinitazama tu. Yeye ndiye mtoto wa kwanza wa yule mama, na hakuwahi kufuma hata kitambaa cha kikombe. Alisema vidole vyake vilikataa. Kila alichovaa cha sufu, tangu utotoni mpaka alipokuwa na wajukuu, alifumiwa na mama yake. Mimi, tangu siku ya harusi yangu, alikuwa ananiita "bibi ya ndugu yangu." Hakuwa anasema kwa ubaya. Alisema jinsi mtu anavyosema "gari ya serikali," yaani kitu kinachotumika hapa lakini hakikutoka hapa.

Basi nikaanza kuitafutia ile sufu kazi inayoifaa, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Kwanza niliamua iwe sweta ya mume wangu, kwa kuwa ni mwanawe. Nilipofika kwapani niliwaza kwamba huyu mtu ataivaa kwenda kukama, ng'ombe atajifutia pua humo, naye ataona ni sawa. Nikaifumua yote. Halafu nikaamua iwe skafu ya mchungaji wetu. Nilikuwa nimefika nusu, Jumapili ikafika, akahubiri juu ya wanawake wanaopenda makuu huku akitazama, kwa maoni yangu, kofia yangu. Nikaifumua hiyo pia. Nikasema sasa iwe shali yangu mwenyewe. Nikafuma, nikajitupia mabegani, nikajitazama kwenye kioo, nikaona mwanamke aliyevaa kitu cha mtu mkubwa kuliko yeye. Nikafumua.

Sufu ya dukani, ile ya nailoni, unaweza kuifumua hata mara mia na isikulaumu. Sufu ya kondoo iliyosokotwa kwa mkono ina kumbukumbu. Kila nilipoifumua ilichakaa kidogo, ikavimba, ikatoa manyoya, mpaka mwishowe bonge la uzi lilikuwa linafanana na kifaranga. Ukilipuliza, manyoya yanaruka na kutua kwenye chai yako. Nililijua hilo. Nilijiambia kwamba manyoya ni dalili ya joto.

Kila wifi yangu alipotutembelea alitazama juu ya kabati, akauliza, "Bado?" Nami nikajibu kwamba bado. Hakuuliza zaidi, na hilo lilinikera kuliko kama angegomba.

Kisha mke wa mwanangu akapata mimba, na nikajua. Sikuhitaji hata kuishusha ile foronya. Ile sufu ingekuwa blanketi la mtoto, na nikiwa mkweli, nilikuwa na nia nyingine zaidi ya joto.

Kwetu sisi Wakipsigis mtoto akizaliwa akina mama wa ukoo hukusanyika na kumwitia majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine. Tunaita kurenet. Jina likitajwa mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na mtoto atabeba jina lake nyumbani maisha yake yote. Zamani walimsaidia mtoto kwa ugoro kidogo puani. Siku hizi sisi ni watu wa kanisa, tuna kwaya na vitambaa vya kichwa vya sare, kwa hiyo tunaomba kwanza, tunaimba pambio mbili, halafu mtu mmoja anaenda kurudisha mlango kidogo, na majina yanaanza. Mchungaji anajua. Mchungaji mwenyewe ana jina la kupigiwa chafya.

Nami nilimtaka mama mkwe wangu. Ninajua kanisa linasema marehemu wako wapi na ninaamini. Lakini nilitaka kumwita mtu jina lile tena katika nyumba ile, nilitaka kusema njoo ule, njoo uvae sweta, acha kuchezea hayo, na jina liwe lake. Niliona akiwa amefunikwa sufu iliyosokotwa na yule mama, mtoto hawezi kukosea.

Kikwazo kilikuwa nyanya mwenzangu, yaani mama yake mke wa mwanangu. Watu wake walitoka milima ya Kisii kuja kuchuma chai kwenye mashamba makubwa, wakabaki, na yeye ni mtu mwema, mchangamfu, mwenye dosari moja tu isiyosameheka. Anafuma bila akiba. Akitaka kufuma kitu anaenda dukani, ananunua uzi wa kutosha kitu hicho, anakifuma, anakimaliza, anakaa. Nyumbani kwake nilitafuta kwa macho kila pembe na sikuona hata bonge moja. Siwezi kumwelewa mtu wa namna hiyo. Huyo naye akatangaza kwamba ataleta blanketi, na akalileta mapema, la manjano, laini, lisilo na nundu wala nywele. Nililishika nikalisifu. Nilisema ni jepesi sana, na aliyetaka kuelewa alielewa.

Mke wa mwanangu ni msichana mwenye akili na adabu, kwa hiyo alijaribu kunizuia kwa njia ya mzunguko. Alisema blanketi langu ni zuri mno, labda liwekwe ukutani. Alisema kliniki waliwaambia mambo ya vumbi na watoto wachanga. Nilimwambia mume wake alilelewa juu ya ngozi ya kondoo na sasa ana urefu wa mlango. Nikafuma kwa hasira na furaha, na kwa mara ya kwanza nikaifikisha ile sufu mwisho bila kuifumua.

Mtoto akazaliwa, msichana, mwenye nywele nyingi na uso wa mtu aliyecheleweshewa chai. Siku ya majina ilikuwa asubuhi nzuri ya jua, kabla ya mvua kujipanga. Akina mama walijaa sebuleni kwangu juu ya vitambaa vyangu vya kijani. Wifi yangu, kwa ukubwa wake, ndiye aliyekuwa wa kuita majina.

Nilikuwa nimemwendea faraghani siku moja kabla, nikamwomba aanze na mama. Alinitazama vile vile alivyonitazama siku niliyoachiwa sufu. Akasema majina yana mpangilio, wakubwa kwanza, na kwamba hajawahi kusikia bibi ya ndugu yake akipanga foleni ya watu waliokufa. Nikasema ilikuwa ni wazo tu.

Kwa mpangilio huo, wa kwanza kuitwa kila mara ni nyanya mzaa baba wa mume wangu, yaani mama mkwe wa mama mkwe wangu. Huyo bibi hakuna mtoto aliyewahi kumpigia chafya, na familia yote ilikuwa inashukuru. Alikuwa mchoyo wa kusimuliwa. Aliweza kusimama mlangoni akamwambia mgeni kwamba leo hawakuwasha moto, huku moshi unatoka paani nyuma yake. Maziwa aliyafungia. Mama mkwe wangu aliolewa kwa huyo, na yote aliyonitendea mimi kwa wema aliyafanya, nadhani, kwa kukumbuka alivyotendewa yeye. Kwa heshima anaitwa wa kwanza, lakini wifi yangu hulitaja jina lake haraka haraka, jinsi mtu anavyopita nje ya nyumba yenye mbwa.

Tukaomba, tukaimba, mlango ukarudishwa. Mke wa mwanangu akasema kwa upole kwamba ugoro hapana, na wote tukakubali, ugoro hapana. Nikamfunika mtoto kwa blanketi langu mpaka kidevuni. La nyanya mwenzangu likabaki kwenye kochi, limekunjwa. Wifi yangu akainama, akavuta pumzi, akataja lile jina la kwanza upesi, na mtoto akapiga chafya.

Haikuwa chafya ya kubahatisha. Ilikuwa chafya kamili, yenye miguu na mikono. Akina mama wakatazamana. Halafu bibi mmoja wa nyuma, ambaye hasikii vizuri na hakujua ni jina gani limetajwa, akapiga kigelegele.

Mimi ndiye niliyezungumza kwanza. Nilisema hiyo si chafya, ni manyoya. Nikaonyesha kidole: unywele wa sufu ulikuwa umesimama kwenye tundu la pua ya mtoto, kila mtu angeuona. Wifi yangu akasema chafya ni chafya. Nikasema chafya ina sababu. Akauliza blanketi ni la nani, nikasema ni langu, akauliza nani amemfunika mtoto, nikasema ni mimi. Akawageukia akina mama.

"Huyu ameleta ugoro kwa njia ya blanketi."

Hapo nilipandwa na hasira kwelikweli. Nilisema kama ningekuwa na akili ya kudanganya ningedanganya upande wangu, singemfanyia mpango yule bibi wa maziwa. Akina mama walianza kucheka, wakajizuia, wakashindwa. Nyanya mwenzangu, kwa wema wake wote, aliinuka na lile blanketi la manjano, akasema labda tumfunike mtoto kwa hili, tujaribu upya, kwa haki. Mtu akikusaidia namna hiyo huna pa kujificha. Mtoto akavuliwa sufu ya nyanya yake mkuu akavikwa nailoni mbele ya macho yangu, na akatulia mara moja, akaonekana mwenye starehe.

Mimi nikachukua blanketi langu mpaka mlangoni nikalikung'uta, ili waone wenyewe ninachosema. Nililikung'uta kwa nguvu zote. Manyoya yakaruka kwenye mwanga wa jua, mengi mno. Yalitua kwenye nywele za akina mama, kwenye vikombe vya chai, na mengine yakarudi kwangu. Nikasema, mnaona sasa? Wakasema wanaona.

Wifi yangu akakubali kurudia, akasema kwa ajili ya amani. Akaanza tena na yule bibi. Mtoto hakusikia. Akataja wa pili, akataja wa tatu, mtoto ametulia tuli. Ndipo akafika kwa mama yake. Hakulitaja upesi. Alipiga magoti kabisa, akaweka mdomo karibu na sikio la mtoto, na alipolitaja jina sauti yake ilikuwa ya mtu anayeita nyumba ambayo amekuta mlango umefungwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mwanamke huyu alikuwa amemtaka mama yake kuliko mimi, na kwamba alikuwa amekataa kuanza naye kwa sababu aliogopa.

Mtoto akamtazama. Akapiga miayo.

Wifi yangu akalitaja tena. Sote tulibana pumzi, na mimi nilibana zaidi ya wote, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeanza. Niliiminya pua kwa vidole viwili. Nilikaza macho, nikakanyaga mguu mmoja kwa mwingine, nikamwomba Mungu kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Wifi yangu akalitaja mara ya tatu, polepole, na nikapiga chafya iliyotikisa madirisha. Kuku waliokuwa mlangoni walikimbilia kwenye shamba la chai. Mtoto alishtuka akaanza kulia.

Walicheka mpaka kiti kimoja kikavunjika. Nyanya mwenzangu aliketi sakafuni akajifuta macho kwa blanketi lake la manjano. Mke wa mwanangu, ambaye hajawahi kunicheka mbele yangu, aliuficha uso nyuma ya mtoto na mabega yake yakawa yanaruka. Mimi nilibaki pale na blanketi mkononi, machozi ya chafya yakinitoka, na baada ya kitambo hayakuwa ya chafya. Nilikuwa nimeshindwa. Mtoto angekuwa yule bibi mchoyo, na mama mkwe wangu alikuwa ameitwa mara tatu na hakuja.

Wifi yangu ndiye pekee ambaye hakucheka. Alibaki amepiga magoti, akinitazama kwa muda mrefu, na sikuwahi kumwona akinitazama namna hiyo.

"Si mmesikia?" akawauliza akina mama. "Mama amejibu. Amejibu kwa huyu."

Mtu mmoja akasema mambo hayo hayafanyiki kwa mtu mzima, tena aliyeolewa akaja. Wifi yangu akasema yeye ameita jina na mwenye kujibu amejibu, na asiyetaka aende awaulize marehemu wenyewe. Hapo akina mama wakacheka tena, wakapiga vigelegele viwili, kimoja cha mtoto na kimoja changu, na chai ikaletwa, ikanywewa pamoja na manyoya yake. Nilidhani ameyasema ili kunitoa aibuni, na nilimshukuru kwa hilo.

Mtoto amebaki na jina la yule bibi. Limemkaa vizuri. Akishika kidole chako hakiachii, na ukimnyang'anya kijiko anakutazama jinsi ambavyo wageni wengi lazima walitazamwa mlangoni. Tumeanza kumpenda yule bibi kwa kupitia kwake, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata bibi mwenyewe. Blanketi la sufu hutandikwa miguuni, nje ya neti, na la manjano ndilo analolalia. Nyanya mwenzangu nimempa magunia mawili ya maruni ili naye awe na akiba. Ameyapokea kwa adabu, na sijui ameyaweka wapi.

Wifi yangu alikuja baada ya siku chache, mchana, mvua ikiwa imeshika. Nilimsikia akipangusa miguu mlangoni. Nilikuwa chumbani, nyuzi zimemwagwa kitandani, nikigombana na ule wa kijani. Aliingia akaketi kwenye ukingo wa kitanda bila kukaribishwa, na hilo lilikuwa jambo geni, kwa sababu kwangu huwa anasubiri kukaribishwa hata mara mbili. Alikuwa amevaa sweta ya mwisho aliyofumiwa na mama yake. Viwiko vilikuwa vimekwisha, na chini ilikuwa imeanza kufumuka, ameshikilia kwa pini.

Alizitazama nyuzi. Kisha akasema, "Mama, nichagulie."

Nilicheka nikidhani bado ni utani wa chafya. Nilimtazama, hakuwa anacheka. Nikamwambia achague mwenyewe, ziko nyingi, aupendao ni wake. Akatikisa kichwa. Alisema hajawahi kuchagua, hajui anavyopaswa kuanza, yeye alikuwa anaambiwa tu simama.

Ananizidi miaka mingi. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote. Nilishika bonge la kwanza lililokuja mkononi, sikulihoji chochote, nikamwambia simama. Akasimama, akainua mikono yote miwili, nami nikamzungushia uzi kifuani kumpima.